Tremé: muziki uliotunzwa na vyama vya kuzikana

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili liliuliza ni kitu gani kinachoufanya muziki uliozaliwa katika mtaa mmoja wa mjini udumu vizazi na vizazi, na iwapo serikali ya jiji ina uwezo wa kuulinda. Nitajibu kwa habari za Tremé, mtaa wa watu weusi mjini New Orleans, Marekani, ambao ni miongoni mwa mahali jazi ilipolelewa. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu Tanga, na kadiri nilivyozidi kusoma historia ya mtaa ule ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba muziki wake ulitunzwa kwanza na vyama kama hiki chetu, vyenye daftari la ada, orodha ya wagonjwa na kamati ya maziko.

Jiji lilinunua ardhi hiyo kutoka kwa Claude Tremé mwaka 1810, kisha likaipima na kuiuza viwanja. Miongoni mwa wanunuzi walikuwamo watu huru wenye asili ya Afrika, wakiwamo wakimbizi wa vita vya Haiti waliofika kupitia Cuba mwaka 1809. Kwa hiyo, katika nchi iliyokuwa bado ikiuza watu mnadani, palikuwa na mtaa ambao mtu mweusi aliweza kushika hati ya nyumba yake. Pembeni mwake palikuwa na uwanja wa Congo Square, ambapo watu waliotiwa utumwani walikusanyika Jumapili kuuza vitu, kupiga ngoma na kucheza, hasa baada ya amri ya jiji ya mwaka 1817 kuwataka wakutanie mahali pamoja tu. Masimulizi mengi ya chimbuko la jazi huanzia uwanjani hapo, na ni haki yaanzie hapo. Lakini mikusanyiko ile ilififia kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861, ilhali jazi ilianza kusikika mwishoni mwa karne hiyo. Ni lazima pawepo kitu kilichovusha muziki katika kipindi hicho.

Mwaka 1836 watu huru weusi wa New Orleans walianzisha Société d'Économie, chama cha kusaidiana ambacho baadaye kilikuwa na ukumbi wake Tremé. Utumwa ulipokomeshwa vyama vya namna hiyo viliongezeka, kwa kuwa kampuni za bima zilimkataa mtu mweusi au zilimtoza kupita kiasi. Mwanachama alilipa ada yake; akiugua, chama kilimlipia daktari na dawa; akifa, kilimzika kwa heshima na kumkodia bendi ya matarumbeta ya kumsindikiza. Kwangu, kiini cha jibu kiko hapa. Wapigaji wengi wa enzi hizo walikuwa wapiga lipu, waashi na wasokota sigara, na sehemu ya riziki yao ya muziki haikutegemea matajiri wanapenda mtindo gani mwaka huo, bali ilitoka katika ada za majirani, ambazo hazikukoma kuingia kwa sababu kifo hakina msimu. Ukumbi wa chama ulikuwa wa mikutano na pia wa dansi, na wanamuziki wa mwanzo wa jazi walipiga humo.

Maziko yenyewe yana utaratibu unaostahili kuelezwa. Bendi hutangulia jeneza kwa mwendo wa polepole, ikipiga nyimbo za kanisani za huzuni, na ngoma ndogo huzibwa sauti. Maiti akishazikwa, au jeneza likishaachana na msafara, ngoma hufunguliwa na bendi huingia katika nyimbo za furaha. Hapo majirani wanaofuata nyuma, ambao kwao huitwa safu ya pili, huanza kucheza wakipunga leso na miavuli. Safu hiyo haina kiingilio wala mwaliko. Mtoto wa miaka sita hutembea kando ya mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, akamtazama vidole, na kwa njia hiyo amekwisha anza kujifunza. Aidha, karibu kila Jumapili kwa sehemu kubwa ya mwaka, chama kimoja hufanya msafara wake wa mwaka kwa saa nne hivi, wanachama wakiwa wamevaa sare, wakisimama kwenye baa na kwenye nyumba za wenzao.

Dhoruba ya Betsy ya mwaka 1965 iliuharibu ukumbi wa Économie, lakini hasara kubwa zaidi ililetwa na mipango ya wakubwa. Barabara ya Claiborne ilikuwa na safu za mialoni katikati, na kandokando yake maduka na ofisi za watu weusi. Chini ya miti hiyo familia zilikula na kusherehekea Mardi Gras, sikukuu ya kanivali ya kabla ya Kwaresima. Mwaka 1966 mialoni ilikatwa ili kupisha barabara ya magari inayopita juu ya nguzo za zege. Katika muongo huohuo nyumba za mitaa kadhaa zilibomolewa kwa ajili ya kituo cha utamaduni, familia zikatawanyika, na mwaka 1980 ikafunguliwa hapo bustani yenye jina la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi mzaliwa wa New Orleans. Ninaliandika hili kwa uchungu: watu waliokuwa wakiupiga muziki na kuucheza waliondolewa ili ipatikane nafasi ya kuuenzi.

Hata hivyo vyama havikufa, na bendi zikapata vijana. Danny Barker, mpiga gitaa na banjo aliyerejea kutoka New York, alianzisha bendi ya watoto ya kanisa la Fairview mwanzoni mwa miaka ya 1970. Humo walitoka baadhi ya waliounda bendi ya matarumbeta ya Dirty Dozen mwaka 1977. Rebirth Brass Band ilianzishwa mwaka 1983 na wanafunzi wa sekondari ya Joseph S. Clark, shule iliyokuwa Tremé kwenyewe.

Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, wanachama waliohamishiwa miji ya mbali walisafiri kurudi kwa ajili ya misafara ya Jumapili. Jiji lilipandisha ada za ulinzi wa polisi mwaka 2006, vyama vikaenda mahakamani, na mwaka uliofuata vikapata nafuu. Oktoba 2007 polisi walivunja msafara wa kumwomboleza mpiga tuba Kerwin James na kuwakamata wanamuziki wawili. Leo tishio ni la kimyakimya zaidi: nyumba hugeuzwa za kulaza watalii, kodi hupanda, na mpigaji huhamia mbali na watu ambao angewazika.

Basi jiji lifanye nini? Lifute malipo ya kibali kwa msafara wa maziko, lipunguze nyumba za watalii katika mtaa wa makazi, na fedha za makumbusho lizipeleke kwa wenyeji wanaotunza kumbukumbu zao. Mfano upo. Sylvester Francis, aliyepiga picha za misafara na maziko kwa miaka mingi kwa gharama yake, alifungua Backstreet Cultural Museum mwaka 1999 katika jengo lililowahi kuwa la shughuli za maziko. Alifariki mwaka 2020, na mwaka 2021 kimbunga Ida kikaliharibu jengo. Familia yake ilitafuta nyumba nyingine, nayo iko Tremé.

Msomaji wenu, Tanga