Kabla ya thina, piga picha

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, namba ya chesisi inaanza na HS30. Hii ndiyo aina iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 na 1973, enzi ambazo mashindano hayo yalifika mpaka huku kwetu Tanzania, ndiyo maana wazee wa gereji za Gerezani wakiiona wanaweka spana chini. Mjomba aliiegesha chini ya mwembe Mikocheni miaka kumi na tatu, upepo wa bahari ukaila sakafu.

Kutu tuliiweza. Kilichonitesa ni alama za kiwandani.

Nilimwambia kijana asafishe chumba cha injini, nikaenda kunywa chai. Narudi, kinang'aa! Kwa thina alikuwa amefuta madoa ya njano kwenye nati na namba za krayoni zilizoandikwa kiwandani. Kosa langu, sikumwambia. Yeye aliona uchafu. Kumbe lile doa lina kazi: fundi wa kiwandani akishakaza nati anapitisha rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti, na siku mstari ukikatika ujue nati imezunguka.

Kwa hiyo anza na simu yako. Piga picha kila kona, weka rula pembeni ili baadaye ujue ukubwa. Kisha tafuta kule ambako jua na thina havijafika: nyuma ya makava ya milango, chini ya zulia, nyuma ya dashibodi. Mimi huko ndiko nilikookoa namba tatu za krayoni. Angalia pia alama ipi iko chini ya rangi na ipi iko juu yake, maana utazirudisha kwa mpangilio huohuo. Ukiiga gari la mwenzako, hakikisha halijawahi kukarabatiwa, la sivyo unanakili makosa yake.

Zile namba nilimpa mchoraji wa Kariakoo anayeandika misemo nyuma ya daladala. Jamani, alizichora zikapendeza, zina hata kivuli! Tulizifuta. Aliyeandika kiwandani alikuwa na gari jingine linamsubiri nyuma. Mkono wake ulikuwa wa haraka. Nilifanya mazoezi juu ya debe jioni nzima mpaka nikaweza kuandika bila kujali. Madoa nayo usitumie brashi nzuri. Kijiti kilichofungwa kitambaa, rangi isiyong'aa, gusa mara moja, ondoka. Maandishi ya chapa nilikata stensili kwenye filamu ya zamani ya eksirei, nikagonga rangi kwa sponji karibu kavu. Ikiwa na maji mengi inapenya pembeni. Na usipulizie vanishi juu yake.

Namba ya chesisi na ya injini, hapana. Hizo ni utambulisho wa gari, zinatakiwa zilingane na kadi. Zifunike kwa tepu kabla ya kupiga mchanga au rangi, uziache kama zilivyo hata kama zimepinda. Anayekushauri uzigonge upya zisomeke vizuri anakutafutia kesi.

Wiki iliyopita mjomba alikuja kuiona. Akazunguka kimya, akafungua boneti, akainama, akatoa leso mfukoni.

“Mafundi wako wachafu, mjomba. Ona wamemwaga rangi hapa.”

Nilimdaka mkono leso ikiwa imeshaigusa nati.