Saa nane asubuhi

Swali lenu la wiki hii ni hili: je, shule zitumie akili mnemba kuwaandikia wazazi kuhusu mahudhurio ya watoto wao? Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika shule za Kentucky, Marekani. Wazazi wengi ninaowahudumia ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja nisiloweza kulilegeza: ujumbe usitoke kabla ya kusomwa na mtu anayeongea lugha ya mzazi.

Mama mmoja alinipa simu yake nimsomee ujumbe wa shule. Uliandikwa hivi: "Mwanafunzi wako aliwasili saa 8:10 asubuhi. Kuchelewa kusikosamehewa." Kijana alikuwa amefika saa mbili na dakika kumi, kwa kuwa basi la shule lilichelewa. Mashine ilitafsiri maneno yote ikaiacha saa ya Kizungu vilevile. Mama akasoma saa nane, na saa nane kwetu ni mchana, watoto wanakaribia kutoka. Akaamini mwanawe wa miaka 12 alishinda akizurura mtaani. Na hilo "kusikosamehewa"! Kwenye Kiingereza cha ofisi maana yake ni kwamba shule haijapokea sababu, basi. Yeye alielewa kuwa mtoto ametenda kosa lisilo na msamaha. Kijana alijieleza usiku kucha, hakuaminiwa. Simu ya shule ilikuwa imeshasema.

Hata hivyo sitaki shule ziache kutuma. Zamani barua zilikuja kwa Kiingereza, zikakaa juu ya friji zikimsubiri mtoto azisome. Sasa mtoto anayekwepa shule atamsomea mama yake nini? Tena mzazi akielezwa vizuri, hushtuka. Utafiti wa Todd Rogers na Avi Feller huko Philadelphia, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba barua za kawaida za posta zilizomtajia mzazi jumla ya siku alizokosa mwanawe zilipunguza tatizo la kukosa shule kupita kiasi kwa asilimia 10 au zaidi. Wazazi walikuwa wakidhani ni siku chache tu. Huku Marekani mtoto huhesabiwa kuwa na tatizo hilo akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani siku 18 katika mwaka wa siku 180, na siku za ugonjwa zinahesabiwa humo humo. Ndiyo maana silipendi neno "utoro" kwenye jumbe hizi. Mtoto mwenye pumu si mtoro.

Kuhesabu siku na kutuma kwa nyumba mia tano asubuhi moja, mashine inaweza, na ifanye. Ila maneno yawe ya kwetu: "Mwanao hajafika shule leo. Tangu muhula uanze amekosa siku 4. Kuna shida tunayoweza kusaidia? Piga namba hii, utaongea na mtu wa Kiswahili." Na huyo mtu awepo kweli.

Yule mama, baada ya kumweleza habari ya saa, nilimuuliza kuhusu siku nyingine nne ambazo mwanawe hakufika kabisa. Alikuwa ameshapokea jumbe nne za kumwonya, moja kwa kila siku, na hakuna hata mmoja uliouliza kwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, siku hizo nilikuwa naye kliniki. Yeye ndiye anayenitafsiria kwa daktari."

Hakujua kwamba kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa mkalimani bure. Tulipiga simu pale pale mezani, tukaomba mkalimani wa Kiswahili kwa miadi yake ya Alhamisi. Alhamisi hiyo kijana alikuwa darasani.