Kwa nini Serra Angel hakurudi: swali kuhusu Oblivion Ring

Swali: Mwamuzi, habari za kazi. Nilikuwa nacheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering na rafiki yangu. Akaweka Oblivion Ring, kadi ya pete inayoondoa kadi nyingine uwanjani, akamlenga Serra Angel, malaika wangu. Nilikuwa na Disenchant, kadi ya kuharibu, mkononi, nikaitumia papo hapo kuiharibu hiyo pete, nikijua malaika wangu amepona. Yeye akasema malaika ameondoka na harudi tena. Tulibishana mpaka mchezo ukaishia hapo. Juzi mtu mwingine aliniwekea Banishing Light, nikafanya vilevile, na malaika akabaki uwanjani. Kadi hizi si zinafanya kazi moja? Iweje matokeo yatofautiane?

Jibu: Rafiki yako alikuwa sahihi, na huyo wa juzi pia. Pole sana, kwa sababu ulichofanya ndicho ambacho karibu kila mchezaji angefanya. Swali hili limeniita mezani mara nyingi, na kila mara naanza kwa kumwomba mchezaji asome kadi kwa sauti, polepole, akisimama kwenye kila nukta.

Oblivion Ring ilitoka mwaka 2007 katika seti ya Lorwyn. Ina sentensi mbili, na kila moja inaanza na neno "when". Ya kwanza inasema pete ikiingia uwanjani, peleka uhamishoni, yaani nje ya uwanja, kitu kingine kisicho kadi ya ardhi. Ya pili inasema pete ikitoka uwanjani, kirudishe kilichohamishwa. Hayo ni maagizo mawili yanayojitegemea. Kila moja huamka kwa wakati wake na kwenda kusubiri kwenye rundo, na rundo letu ni kama sahani zilizopangwa: iliyowekwa mwisho ndiyo huchukuliwa kwanza.

Sasa turudi mezani kwenu. Pete imeingia, agizo la kwanza likaamka na kumlenga malaika, likakaa kwenye rundo. Hapo ukatupa Disenchant. Ikatangulia kutekelezwa, pete ikaenda kaburini, yaani kwenye kadi zilizoharibiwa. Kutoka kwake kukaamsha agizo la pili, likakaa *juu* ya lile la kwanza. Kwa hiyo lile la kurudisha ndilo lililotekelezwa kwanza, wakati malaika bado yuko uwanjani na hakuna chochote uhamishoni. Halikupata cha kurudisha, likaisha. Ndipo agizo la kwanza likafikiwa, likamchukua malaika. Agizo lililokwisha kuamka halifi eti kwa sababu kadi yake imeharibiwa. Aliyemtuma mjumbe akiondoka, mjumbe bado yuko njiani. Na sasa hakuna agizo lolote lililobaki la kumrudisha Serra Angel.

Wachezaji wenye uzoefu huutumia mpangilio huu kwa makusudi: huitoa pete yao wenyewe uwanjani kabla agizo la kwanza halijatekelezwa, ili kitu cha mpinzani kipotee moja kwa moja.

Banishing Light ilitoka mwaka 2014 katika Journey into Nyx. Ina sentensi moja, na ndani yake kuna neno "until": peleka kitu cha mpinzani uhamishoni *mpaka* Banishing Light itoke uwanjani. Hapa kuondoka na kurudi vimefungwa kwenye agizo moja lenye muda. Ukiiharibu kabla agizo hilo halijatekelezwa, muda wake umekwisha hata kabla haujaanza, na kanuni inasema kitu hicho hakihamishwi kabisa. Malaika wako wa juzi hakwenda popote. Binafsi naona hayo ni maandishi bora zaidi, kwani kadi inafanya kile ambacho msomaji wa kawaida anakitarajia.

Angalia pia umri wa kadi uliyoishika. Oblivion Ring ya 2007 haina neno "exile", yaani kupeleka uhamishoni. Inasema kitu kiondolewe mchezoni, kwa sababu neno hilo lilianza kutumika mwaka 2009. Kukiwa na ubishi, maandishi rasmi ni yale ya Gatherer, hifadhidata ya kadi ya watengenezaji wa mchezo, si yale yaliyochapwa kwenye karatasi.

Je, ungefanyaje na Disenchant yako? Ungesubiri. Najua inauma kumwachia mpinzani amchukue malaika huku dawa unayo mkononi, lakini mwache amchukue. Agizo la kwanza likishatekelezwa na malaika akawa uhamishoni kweli, iharibu pete. Agizo la pili litaamka, litamkuta huko na kumrudisha kwako. Atarudi kama kiumbe kipya, kwa hiyo alama za kuongeza nguvu alizokuwa nazo hazirudi naye. Ukiweza, fanya hivyo mwishoni mwa zamu ya mpinzani: zamu yako ikianza malaika atakuwa tayari yuko upande wako, na anaweza kushambulia zamu hiyohiyo.