Unaanza kujifunza kupima nadharia tete? Anza na vikombe vya chai

Wakati naanza kujifunza takwimu nilikuwa nakaa Pasua hapa Moshi, nafanya kazi kwenye kamradi ka miche ya kahawa, na kanuni nilikuwa nimeikariri vizuri tu, pi-valyu (p-value, ile namba ambayo kompyuta inatoa mwisho wa kipimo) ikiwa chini ya 0.05 unakataa nadharia tete, yaani lile dai la kwamba hakuna tofauti, ikizidi hukatai, basi. Tukapima miche iliyowekewa samadi na ile ya mbolea ya dukani, kompyuta ikatoa 0.03. Mwenzangu akaniuliza swali moja la kawaida kabisa, kwahiyo kuna asilimia 3 tu kwamba mbolea hizi hazina tofauti? Nikamjibu ndiyo, na ikaandikwa hivohivo kwenye ripoti.

Jibu lile lilikuwa kosa, na iliniuma sana nilipokuja kuelewa, maana kuna wakulima walisomewa ile ripoti. Ndo maana naandika hii. Ukielewa kwa nini jibu langu lilikuwa kosa, umeshavuka sehemu ngumu kuliko zote kwenye haya mambo, zilizobaki ni hesabu tu na hesabu kompyuta inafanya.

Mimi kilichonifungua macho ni chai. Kuna kisa maarufu cha Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, alikuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted miaka ya 1920, na mwenzake wa kazi, Muriel Bristol, alisema anaweza kujua kwa kuonja kama maziwa yametangulia kwenye kikombe au chai ndo imetangulia. Baadaye, 1935, Fisher alieleza kwenye kitabu chake jaribio la namna hiyo lenye vikombe 8, vinne hivi na vinne vile. Niliposoma nikamkumbuka shangazi yangu wa Kibosho, yeye miaka yote anasema maziwa ya pakiti anayajua hata ukiyachemshia chai na tangawizi, hayafanani na ya ng'ombe wake aliye bandani. Jumamosi nikapanda na pakiti mbili.

Tukapika sufuria mbili, majani yaleyale, sukari ileile. Vikombe 8, vinne vya ng'ombe vinne vya pakiti, mpangilio nikauchagua kwa kuokota vikaratasi, na shangazi akaambiwa ni vinne kwa vinne, kazi yake ni kunitolea vinne vya ng'ombe.

Sasa kabla hajaonja nikakaa na daftari nikajiuliza, hebu tuseme shangazi hajui lolote, anabahatisha tu, ningeona nini? Hilo ndo swali lenyewe, na hiyo "hajui lolote" ndo nadharia tete unayoipima. Namna za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane unapata kwa 8 mara 7 mara 6 mara 5, ni 1680, unagawanya kwa 24 kwa sababu nani katangulia kuchaguliwa haijalishi, zinabaki 70. Njia ya kupata vyote vinne ni moja tu. Kwahiyo mtu anayebahatisha atapatia vyote mara 1 katika 70, kama 0.014. Njia za kupatia vitatu ni 16, maana kimoja kati ya vinne sahihi kinaachwa na kimoja kati ya vinne vibaya kinaingia, 4 mara 4.

Shangazi akapatia vitatu. Vitatu au zaidi ni njia 17 kati ya 70, yaani 0.24, yaani hata mtu asiyejua kitu angefika pale karibu mara moja katika kila nne. Ndo pi-valyu hiyo, umeiona kwa macho, haikutoka kwenye jedwali. Na angalia inasema nini, inaanza kwa kukubali kwamba shangazi anabahatisha halafu inauliza matokeo kama haya yangetokea mara ngapi. Haisemi kuna asilimia 24 kwamba anabahatisha. Mimi kwenye samadi nilikuwa nimeigeuza juu chini, na waliosoma miaka mingi kuliko mimi nao wanaigeuza, kwahiyo usijisikie vibaya ila usiiache.

Jingine, 0.24 haijathibitisha kwamba shangazi hajui. Vikombe 8 ni vichache mno, akikosea kidogo tu tayari umeshindwa kumtofautisha na anayebahatisha. Nilipomwambia matokeo alinyamaza akaanza kuosha vikombe, na mi nikaona kabisa nikisema "imeonekana huwezi" nitakuwa nimemdhulumu. Sema "sijapata ushahidi wa kutosha" uishie hapo.

Ushauri wangu mwingine, usirudierudie jaribio mpaka likupe jibu unalolitaka. Ukipima vitu 20 ambavyo havina tofauti yoyote, kwa kiwango cha 0.05, uwezekano wa angalau kimoja kukudanganya ni kama asilimia 64, na hiyo 0.05 yenyewe ni mazoea tu ambayo Fisher aliona yanafaa, sio sheria. Amua mapema utapima nini na mara ngapi, uandike, na majaribio yote yabaki kwenye daftari hata yaliyokataa.

Ti-testi (kipimo cha kulinganisha wastani wa makundi mawili) na nyingine utazikuta mbele, swali ni lilelile. Kwa miche yetu nilirudi nikaandika urefu wa kila mche kwenye kikaratasi, nikavichanganya kwenye sufuria, nikavigawa makundi mawili ovyo, nikatoa tofauti ya wastani, nikarudia mara 100 kwa mkono, nikahesabu ni mara ngapi mgao wa ovyo unafikia tofauti tuliyoipata kweli. Fanya hivyo hata mara moja kabla ya kufungua Excel au R (programu ya takwimu), tafadhali.

Kwa shangazi nilirudi mwezi uliofuata na vikombe 12, sita kwa sita, nimeshaandika kabla kwamba hili ni jaribio jipya na lile la kwanza halifutwi. Njia zote ni 924. Akapatia vitano kati ya sita, njia 37 za kufika hapo au zaidi, 0.04. Sikumwona akifurahi sana, aliniuliza tu, "Nilikosea vipi?" Nikamwonyesha, cha saba na cha kumi. "Cha kumi kilikuwa kimeshapoa mwanangu, maziwa yakipoa yote yanakuwa mamoja." Nikaandika kwenye daftari, safari ijayo chupa mbili za chai, zijazwe kwa wakati mmoja, na kila kikombe kimiminwe pale anapotaka kuonja.