Jibu: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) iko sawa, mbona bado napima mapigo usiku?

Pole sana ndugu. Umeuliza mbona moyo unakwenda mbio usiku na bado unapima mapigo, ilhali daktari kasema ECG na vipimo vya damu viko sawa. Hofu yenyewe inamwaga adrenalini (homoni inayouharakisha moyo), mapigo yanapanda, unashika shingo kuhesabu, unaogopa zaidi. Ukipima unapata nafuu ya dakika chache tu, kisha wasiwasi unarudi umezidi. Leo ukitamani kupima, ahirisha dakika 10, kesho 20. Google ya saa nane usiku achana nayo kabisa (ukiandika kikohozi inakupa kansa!). Baki na daktari mmoja, umwombe akuelekeze kwa mwanasaikolojia anayefanya CBT (tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na tabia). Ila kifua kikibana au ukizimia, hapo usiahirishe, kimbilia hospitali.