Kabla ya kumsoma Wodehouse, mtazame Hugh Laurie

Mtu akiniomba kitabu cha kuchekesha cha Kiingereza humpa cha P. G. Wodehouse, na wengi hukirudisha hawajafika hata katikati. Eti hakuna kisa: kijana tajiri anakimbia uchumba, mtumishi wake anamwokoa, basi. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuazima kitabu namtuma mtu akatazame kwanza Jeeves and Wooster, tamthilia ya televisheni ya Uingereza ya 1990 hadi 1993. Hugh Laurie ni Bertie Wooster, kijana tajiri, Stephen Fry ni Jeeves, mtumishi.

Kisa usikihangaikie. Mwangalie Laurie usoni. Vitabuni Bertie ndiye msimulizi, na karibu vichekesho vyote vimo katika namna anavyosimulia. Kamera haiwezi kuonyesha usimulizi, basi Laurie anaubeba kwa uso: macho yamemtoka, mdomo wazi, wazo bado liko njiani. Wala hajitutumui kuchekesha. Bertie wake anaamini kila neno analolisema. Ukishaipata sauti hiyo ya Bertie, zima televisheni, shika kitabu, usome kwa sauti.

Mimi ningekuanzishia The Code of the Woosters, cha 1938. Humo yumo Spode, jitu la miraba minne linaloongoza kikundi cha wavaa kaptura nyeusi (hapo Wodehouse anamkejeli Oswald Mosley, mwanasiasa wa Uingereza, na mafashisti wake). Jeeves amemwachia Bertie silaha moja tu, jina: Eulalie. Akilitaja, Spode atanywea. Spode anakuja juu, Bertie anafungua kinywa amtishe, na jina limemtoka kichwani! Nilipoisoma sehemu hiyo kimyakimya nilitabasamu tu. Nilipoirudia kwa sauti, nikakwama pale anapokwama yeye, mbavu ziliniuma.

Laurie naye ni mwandishi. Aliwahi kuandika kwamba Wodehouse aliyaokoa maisha yake, na mwaka 1996 alitoa riwaya yake, The Gun Seller. Msimulizi, mwanajeshi wa zamani, anapigwa huku akimtania msomaji, na kwa sikio langu Bertie anasikika humo ndani. Lakini iache kwanza hadi umemaliza vitabu viwili vitatu vya Bertie. Hii ina wauza silaha na maiti, na utani wake unauma zaidi.