Anza na gauni, gari lisubiri kidogo

Dada yangu, umeuliza uanze na magauni au gari, na kama mtindo wa pinup (ule wa warembo wa picha za ukutani) wa miaka ya 1950 unamfaa mwanamke mweusi anayeishi Uingereza. Unafaa, tena sana! Dorothy Dandridge, mwigizaji mweusi wa Marekani, alitokea kwenye jalada la jarida la Life mwaka 1954. Zitazame picha zake kabla hujaanza kuhangaika na nywele za watu wengine.

Anza na gauni moja la kubana kiunoni na kumwagika chini, na gagulo la kulitanua. Ukinunua la zamani, usiamini namba ya saizi. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, na ukague kwapani, maana ndipo kitambaa huoza kwanza.

Hiyo Morris Minor unayoitaka, gari dogo la Kiingereza, ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, kwa hiyo vipuri vipo. Usinunue kwa kupenda rangi. Ingia uvunguni na tochi utafute kutu, kisha muulize mwenye gari mara ya mwisho alipaka lini grisi kwenye viungio vya magurudumu ya mbele. Vikilika, gurudumu linaweza kukunjika ukiwa barabarani. Akibabaika, ondoka. Gari lililopita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara huko, ila lazima uliombee msamaha huo.

Endesha na viatu bapa, visigino viweke kiti cha nyuma. Na Septemba nenda Goodwood Revival, tamasha la magari ya zamani karibu na mji wa Chichester: utakuta magari na magauni ya enzi hizo pamoja, na wenyewe hupenda kuulizwa.